Ukanda wa Pajani

Bibi Aune alijigamba mbele ya chumba kizima cha kungojea kwamba hajawahi kumdanganya mtu tangu azaliwe.

"Isipokuwa umri," akaongeza. "Na uzito. Na yule polisi wa barabarani."

Watu wakacheka. Mjukuu wake Kaisa hakucheka. Tangu kano ya goti lake ikatike akilinda lango la hoki, kwenye uwanja wa barafu mjini Thunder Bay, na madaktari kuishona upya, hakuna kilichomgusa: si kicheko, si chakula, si hoki yenyewe.

Siku hiyo Wabano, mtaalamu wa tiba ya viungo, angetoa jibu. Kama mguu haujarudisha nyama, timu ya chuo ingemchukua golikipa mwingine.

Dawa alishapewa: ukanda wa kufunga juu ya paja, na mashine ndogo ya kuujaza upepo hadi damu ipite kwa shida. Hapo unanyoosha goti mara thelathini, kisha kumi na tano, mara tatu. Misuli hunenepa bila vyuma vizito vya kuliumiza goti. Kila siku, wiki sita. Kaisa aliufunga siku ya kwanza, paja likawaka moto, akautupa juu ya friji.

"Mazoezi umefanya?" Wabano aliuliza walipoingia chumbani kwake.

"Kila siku," Kaisa alisema, macho ukutani.

"Shahidi mimi hapa," Bibi Aune akadakia. "Anajituma huyu, mpaka namwonea huruma."

Wabano akaiunganisha mashine na kompyuta. Kaisa hakujua kwamba ile mashine huweka kumbukumbu. Akatazama dari, akangoja aibu. Hata aibu haikuja.

"Siku arobaini na mbili," Wabano akasoma. "Hujaruka hata moja. Saa mbili asubuhi, kila siku."

Kaisa akageuza shingo polepole. Saa mbili asubuhi yeye huwa bado amelala.

Wabano akatoa futi ya kitambaa, akalipima paja lake. Akapima tena.

"Ajabu," akasema. "Ukanda hupima paja kila unapofungwa. Wenyewe umeandika sentimita sabini na moja. Mimi hapa naona arobaini na sita."

"Watoto wa siku hizi huvimba asubuhi," alisema Bibi Aune, akaishusha sketi upesi juu ya mapaja yake yaliyokakamaa kama ya golikipa.