Mpira Ndani ya Kiatu

Verna Hruska alifua fulana ya mwanawe mara mbili, peke yake, kabla ya kugusa za wachezaji wengine. Akainusa. Bado ilinuka dawa ya kuchua. Akairudisha kwenye mashine mara ya tatu.

Zilibaki siku tatu msimu wa besiboli uanze.

Chumba cha kufulia cha chuo kilipakana na ofisi ya kocha, na mlango wa katikati haukufunga vizuri. Verna alisikia kila kitu: mbegu za alizeti zikitafunwa, maganda yakitemwa kwenye kikombe cha karatasi, na Kocha Lindquist akiongea peke yake juu ya orodha yake.

"Mdakaji, ninaye. Kituo cha kwanza, ninaye. Warushaji... Mungu wangu, warushaji!"

Alikuwa na haki ya kulia. Mwaka jana chuo kilishinda mechi tisa tu, na kiangazi kilipofika warushaji watano wakahamia vyuo vikubwa. Wa kutegemewa walibaki wawili: Ezra Polk, na Tobin, mtoto wa Verna. Mechi ni tatu kila mwisho wa wiki, na mrushaji bora hupewa Ijumaa. Huyo huwarushia wapigaji mipira mia na zaidi kwa nguvu zote, huku watu wa timu za kulipwa wakimwandika kwenye madaftari yao. Mwenzake angekaa na koti begani, aitwe mwishoni arushe michache, au asiitwe kabisa.

Verna alisukuma mlango. "Kocha, Ijumaa umemweka nani?"

"Mama Tobin, umeanza tena! Jana umenifuata mpaka kwenye gari."

"Nauliza tu."

"Ijumaa siandiki. Unajua."

Alijua. Kila mtu mjini alijua. Kila mwaka Lindquist aliacha nafasi ya Ijumaa wazi kwenye karatasi, kisha asubuhi ya mechi ya kwanza akatia mpira mpya katika kiatu cha mrushaji aliyemchagua. Ndipo alipoandika jina. Mpira ukishaingia kiatuni hautolewi. Mwaka mmoja aliutoa akampa mwingine, wakafungwa mechi kumi na moja mfululizo. Tangu hapo hata mstari wa chokaa uwanjani alikuwa anauruka, asiukanyage.

"Ezra yuko vizuri mwaka huu," Verna alisema. "Nilimwona juzi. Mpira wake unapinda mpaka mpigaji hauoni."

Kocha alicheka mpaka ganda likampalia. "Usinitege, mama. Nina miaka ishirini na sita kwenye kazi hii. Mzazi akimsifu mtoto wa mwenzake, anataka nimsifu wa kwake."

Verna akashika kitasa cha mlango. Tobin alikuwa amemwapisha jikoni, kijiko mkono wa kushoto, simu mkono wa kulia. "Mama, kocha usimwambie kitu. Chochote. Ijumaa nitaipata mwenyewe."

Akarudi kwenye mashine zake. Zilipozunguka, aliomba. Hakuwa mtu wa kuomba, kwa hiyo alirudia neno moja tu: tafadhali, tafadhali.

Ukutani kwenye korido kulikuwa na picha ya Harlan, mume wake, akirusha mpira miaka ishirini na minne nyuma, mkono wa kulia umenyooka juu kuliko kofia. Watu walikuwa bado wakisimama kuitazama. Verna alipita hapo mara kumi kwa siku. Nyumbani, yeye ndiye aliyemshushia Harlan kopo la sukari kutoka kabatini, kwa kuwa mkono ule haukuinuka tena kupita bega.

Ijumaa asubuhi kulikuwa bado na theluji pembeni mwa uwanja. Tobin alitaka kuondoka akiwa amevaa shati la heshima, na Verna akamfunga vifungo kama siku ya kwanza ya shule. Ajabu, hakumkatalia. "Niombee, mama," alimwambia tu.

"Naomba," Verna alisema. "Hujui ninavyoomba."

Saa moja kamili kocha alimwita Verna ofisini. Macho ya kocha yalikuwa mekundu. Mbele yake kulikuwa na orodha, na juu ya orodha mpira mweupe ambao haujawahi kuguswa na udongo.

"Wiki nzima sijapata lepe la usingizi," alisema. "Nikifungwa leo, watanifukuza kabla nyasi hazijaota. Ezra ana akili. Lakini Tobin ana mkono ule wa baba yake."

Akauchukua mpira, akautia kiganjani mwa Verna.

"Umeshinda, mama. Nenda kautie wewe mwenyewe. Ukitoka, naandika jina, nabandika mlangoni."

"Mimi?"

"Si umenisumbua wiki nzima? Nenda, kabla sijabadili mawazo."

"Na ukishaingia," Verna aliuliza, "haurudi?"

"Haurudi hata akija rais wa chuo."

Hapo machozi yakamtoka. Kocha alimpigapiga begani, naye akakaribia kulia. "Basi, mama, basi. Ni siku ya furaha."

Chumba cha wachezaji kilikuwa kitupu. Viatu vilipangwa chini ya makabati jozi kwa jozi, na vya Tobin viling'aa kuliko vyote, kwa kuwa alivipiga rangi mwenyewe usiku uliopita, kwa mkono mmoja. Verna alisimama mbele ya viatu hivyo na mpira umebanwa kifuani. Alisimama mpaka akasikia kiti cha kocha kikisogezwa ng'ambo ya ukuta.

Akapiga hatua mbili kando, akachuchumaa, akautia mpira ndani ya kiatu cha Ezra Polk.

Kisha akakaa kwenye benchi, akamngoja mwanawe aje amchukie.