Toleo la Zamani

Mbwana mwenyewe alinisimulia juzi, tukichambua mchele uani.

Bi Kidawa alikuwa akipata habari za kaka yake mgonjwa, huko milimani kusikofika simu, kwa redio iliyounganishwa na kompyuta. Ujumbe mmoja kila alasiri, basi. Wa siku moja kabla ya fundi kuja ulisema: homa imepanda.

Mbwana, fundi wa mtaa, akaja kubadilisha programu ya ile redio. Toleo jipya huja likiwa maandishi matupu ya maelekezo, na kompyuta ndiyo huyaunda yawe programu, tena polepole. Fundi mwenye akili huliacha la zamani mpaka jipya lifanye kazi. Mbwana, kwa kujiamini kwake, alilifuta kwanza.

Alasiri ikaingia, mashine bado inaunda. Saa ya ujumbe wa kaka ikapita bila programu ya kuupokea.

“Fundi, kaka kasemaje?”

“Leo hewani kubaya, mama. Hakusikiki kitu.”

“Haya, hewa ya Mungu hiyo, usijilaumu.” Akamwekea chai na kitumbua kikubwa kuliko vyote. “Kula, umekonda kama waya wako huo!”

Mbwana akakimega kidogo, akakirudisha sahanini. Bi Kidawa akajilaza mkekani kando ya redio, kanga usoni, akapitiwa na usingizi.

Programu mpya ikafunguka, safi, haina ujumbe hata mmoja. Mbwana akainama amwamshe, amwambie kosa ni lake, si la hewa. Mkono ukaishia njiani. Akaongeza sauti ya redio, huenda kaka akarudia ujumbe; mvumo mtupu ukajaa chumbani, naye akasinzia pale pale kitini, sikio limeegemea spika.