Mama wa Mkahawani

"Mama, hebu tufutie meza," alisema binti, kwa sauti ya kumwita mama yeyote wa mkahawani.

Mfuta meza akageuka. Aliyemwita alikuwa mwanawe wa kumzaa, aliyeketi na wenzake watatu wa chuoni.

Kazi hii ya jioni mama aliitafuta kwa ajili ya binti huyo. Mumewe alisema ada inatosha, pesa za matumizi zitamharibu mtoto. Yeye akajibu, "Mwanangu hataaibika mbele ya wenzake."

Alifuta taratibu. Kitambaa kilipokaribia vidole vya binti, vidole vilirudi nyuma upesi.

"Mbona anakutazama hivyo? Unamjua?" rafiki mmoja aliuliza.

"Simjui." Binti akafungua pochi, akasukuma noti mezani. "Shika, mama. Ya chai."

Mama akaichukua.

"Asante, dada," alisema.