Bunduki Isiyouzwa Popote

Katika barua yake ya kwanza kwa viwanda vya bunduki, Orval Teague aliorodhesha alivyopungukiwa. Hakuwa na mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko. Hakuwa na kidole cha mwisho cha mkono uliobaki. Hakuwa na mbwa ila mmoja, maana wengine watatu walipasuliwa matumbo na nguruwe mwitu kati ya Machi na Agosti. Hakuwa tena na ekari kumi na mbili za karanga. Nguruwe hao hao walizifukua mpaka shamba likawa kama limepigwa mabomu. Na hakuwa na silaha ya kufaa.

Alichokitaka alikieleza kwa taipu, herufi moja moja. Bunduki fupi, ya kushikwa na kukokwa kwa mkono mmoja. Ile risasi nene ya bastola yake ndiyo iingie humo, ili mkanda mmoja ulishe silaha mbili. Na mdomoni mwa mtutu kuwe na uma wa chuma, meno mawili, wa kukita mwilini mwa nguruwe kabla ya kufyatua.

Alipeleka barua tano. Viwanda vinne vilijibu kwamba bunduki ya namna hiyo haina wanunuzi. Cha tano kilikuwa bado hakijajibu.

Habari zilifika duka la vyakula vya mifugo kabla yake.

“Uma?” alisema jirani yake, Dub Hargis. “Orval, unataka kumpiga risasi au kumla?”

Watu wote wa kaunta walicheka.

“Cheka, Dub. Wewe unamuua nguruwe ukiwa juu ya jukwaa la kuwindia, bia mkononi. Mimi humfuata nikamsalimia.”

Hakutia chumvi. Watu wengi sehemu zile za Texas huwinda na mbwa, naye alifanya hivyo. Mbwa humng’ata nguruwe sikio na kumshikilia. Mwindaji huingia katika vumbi na mingurumo, akammaliza kwa kisu au bastola. Tofauti ni kwamba bastola ya Orval ilikuwa fupi kama kiganja, na kila alipoibana kwenye ngozi ya nguruwe, uso wake ulikuwa karibu na meno ya mnyama. Mkewe, Nelda, alikwisha kumshona mapaja nyuzi sitini na moja.

“Siku moja nitamaliza kushona na hutaamka,” alimwambia.

Barua ya kiwanda cha tano ilifika Jumanne, nayo Nelda akaisoma wakila mayai asubuhi ya Jumatano. Ilitoka kwa fundi mkuu, Bwana Lindqvist.

“‘Wazo lako limenivutia,’” alisoma Nelda. “‘Ila jambo moja silielewi. Kwa nini mtu amguse nguruwe kwa mtutu, badala ya kumlenga akiwa hatua thelathini kama wenzake? Nijibu kwa ukweli, nami nitakuundia moja, hata kama sitauza ya pili.’” Akaiweka mezani. “Mjibu, mzee.”

“Hayamhusu.”

“Kiburi chako kitaniacha mjane.”

“Mjane mzuri. Hargis atafurahi.”

Nelda alikuwa akiondoa sahani pale Belle, mbwa wao wa mwisho, alipobweka, kisha akalia. Kilio kilitoka bandani kwa kuku. Nelda aliruka na reki ya bustani. Orval akachukua bastola msumarini.

Alikuwa nguruwe dume, mzito kama magunia matatu ya mahindi. Belle alikuwa ameng’ang’ania sikio. Dume lilitikisa kichwa mara moja, sikio likachanika, mbwa akaruka na kugonga ubavu wa gari, kisha kimya. Nelda alipiga kwa reki. Mpini ukavunjika. Dume likamwangusha chali na kumpasua shavu la mguu hadi mfupani.

“Orval! Yuko juu yangu!”

Orval alizivamia kelele. Alijikwaa, akaanguka juu ya manyoya magumu kama brashi ya waya, akakitambaza kigutu chake mgongoni kutafuta kichwa. Jino likakichana kigutu. Damu ikamtoka, ya moto, ikamlowesha hata mkono wenye bastola.

“Kichwa chako kiko wapi, Nelda?”

“Kushoto! Kushoto kwako! Piga!”

Alibana mtutu nyuma ya kilichobaki cha sikio, akafyatua. Mtutu uliteleza kwenye damu. Nelda alipiga yowe la aina nyingine. Orval akabana tena, safari hii kwa uzito wa mwili wote, akafyatua mpaka bastola ikawa inagonga chuma kitupu. Dume lilitetemeka kwa muda mrefu. Kisha likawalalia wote wawili.

Ile risasi ya kwanza ilikuwa imeondoka na nusu ya sikio la Nelda. Alipokwisha kufungwa bandeji, na Belle kuzikwa chini ya uzio, hakumlaumu mumewe hata kwa neno moja. Hilo ndilo lililomshinda Orval. Alivuta taipu, akakaa mbele yake saa nzima, kisha akapiga mistari michache, akamnyooshea Nelda karatasi.

“Soma kama nimeandika sawasawa.”

Nelda alisoma kwa sauti: “‘Bwana Lindqvist, mimi ni kipofu, mwaka wa kumi na tisa sasa. Usipoteze muda kuweka vya kulengea.’”

Orval aliulamba ukingo wa bahasha, akaibana kwa kidole gumba. Nelda akamshika kiwiko, wakaenda wakichechemea hadi barabarani, wakaitia katika sanduku la barua na kuinua kibendera chekundu cha kumjulisha mtu wa posta.