Digidigi Anacheua Somo

Nungunungu aliwafundisha wanafunzi wake njia ya kichakani hadi pangoni, chui akija wakajifiche. "Mmeelewa?" aliuliza.

"Tumeelewa, mwalimu," Ngiri aliitikia wa kwanza.

Digidigi, mnyama wa kucheua, alijilaza kando, akafumba macho na kuirudia njia kichwani, kona baada ya kona. Alipokwama, aliinuka kwenda kuitazama upya.

Ngiri alicheka. "Umeshameza, unarudisha mdomoni cha nini?"

"Nione kama bado kipo."

Chui alipotokea, Ngiri alitangulia mbio, mkia juu. Penye njia panda alisimama ghafla. "Digidigi, ndugu yangu, hapa mwalimu alisemaje?"

Digidigi alikata kushoto bila kusita. "Ulielewa, ndugu. Ila hukucheua. Nifuate."