Mistari ya Kijani

Tangu asubuhi Kalume alikuwa akihangaika kuandaa klasta ya majaribio, yaani kundi la programu zinazoendeshwa pamoja, kwenye kompyuta yake ya kazini. Kila akiwasha kidhibiti cha kuiendesha, makontena, zile programu ndogo ndani yake, yanaanguka. Ya Nyamizi, mwenzake wa meza ya pili, yalikubali mara moja.

Nyamizi alipotoka kufuata chai, Kalume akachungulia kioo cha kompyuta ya mwenzake. Mistari ya kijani mitupu, kila kitu kinakwenda. Roho ikamuuma. Akaandika papo hapo amri ya kufuta klasta ile yote, akabonyeza.

Nyamizi akarudi na vikombe viwili.

"Kaka, umeona hapo kwangu? Hiyo ni klasta yako! Niliingia kwenye kompyuta yako kutoka hapa kwangu, kwa ile ruhusa uliyonipa, nikaliondoa kosa. Nilitaka uikute tayari."

Kalume akapokea kikombe kwa mikono miwili. Nyuma yake, kwenye kioo cha Nyamizi, mistari ilikuwa ikifutika mmoja mmoja.