Mkono wa Sevo

Pigo la kwanza la nyundo lilivunja vidole viwili vya fundi, la pili likavunja cha tatu. Pigo jingine halikufika, kwa sababu mjane alimkamata shemeji yake shati kwa nyuma na kumvuta mpaka vifungo vikaruka.

"Mwache kwanza, shemeji. Ukimuua sasa hatutajua kitu."

"Tujue nini tena? Mdogo wangu yuko mochwari."

Asubuhi ile, uwanjani, ndege ya mdogo mtu, ile ya rimoti yenye injini ya petroli ambayo mabawa yake hayapiti mlangoni, ilipanda vizuri, ikageuka vizuri, kisha ikainamisha pua na kukataa kusikia. Ilimjia mwenyewe. Propela ilimkata shingo, mkewe akiwa kando yake ameshika chupa ya maji. Watu huziita ndege za kuchezea. Waulizwe waliomnyanyua.

Na fundi ndiye aliyeifanyia matengenezo. Kwa hiyo wanachama wa klabu ya warusha ndege hizo walitoka uwanjani moja kwa moja hadi karakana yake, wakamfunga kwenye kiti chake mwenyewe kwa nyaya zake mwenyewe. Mmoja alimmwagia petroli kuanzia utosini. Mwingine alisimama mlangoni akitikisa kiberiti. Walikuwa watu wa heshima zao, wenye maduka na walimu, watu wa kuulizana habari za nyumbani. Hasira ikishaingia kundini haina mwenyewe.

Kaka mtu alibwaga mezani kipande cha mkia. Ndani yake kulikuwa na sevo, kijisanduku cha mota chenye mkono mdogo wa plastiki juu. Mkono ukizunguka, huvuta waya na mkia hupanda au kushuka. Sasa ulikuwa umegandiwa na udongo na damu iliyokauka, hata katikati yake hapaonekani.

"Huyu aliweka mkono wa sevo nyingine," kaka mtu aliwaambia wenzake. "Meno yake ya ndani hayakulingana na ya mhimili wa sevo, akaugongelea. Ukiwa chini unashika. Angani upepo ukiusukuma unateleza. Tuung'oe, mtaona."

"Niliweka wa sevo hiyohiyo," alisema fundi. Mdomo ulikuwa umemvimba na maneno yalitoka nusunusu. "Ung'oeni. Lakini utoke mzima. Ukivunjika hamtaona meno, na mtakuwa mmeniua bure."

"Yakiwa sawa nitakufungua mimi mwenyewe na kukupigia magoti," alisema kaka mtu. "Yasipokuwa sawa, tunawasha."

Wote walikubali, hata fundi, ambaye hakuwa na la kufanya. Roho yake ikawa inaning'inia kwenye kipande cha plastiki kisichozidi kidole gumba. Alijaribu kuinua bisibisi kwa mkono ule uliopigwa nyundo, ambao haukufungwa, vidole vikamgomea, na akaanza kulia waziwazi mbele ya wateja wake.

"Siwezi. Fanyeni nyie, nitawaelekeza. Kwanza kabisa..."

Kofi la kaka mtu lilimziba mdomo. "Unifundishe mimi? Nilianza kurusha hizi wewe ukiwa unanyonya."

Hapo hakudanganya. Kaka mtu alikuwa mkongwe wa uwanja ule, ingawa miaka yote alimaliza wa pili nyuma ya mdogo wake. Mwenyewe aligeuza jambo hilo kuwa utani, akisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Aliweka nyundo chini, akavuta taa karibu, na mikono yake ikatulia.

Mjane alimpa bisibisi nyembamba yenye ncha ya nyota. Naye hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Nusu ya ndege ile aliijenga yeye, juu ya meza ya kulia chakula.

"Hiyo ya nini?" kaka mtu aliirudisha. "Nipe bisibisi bapa, mbili. Na uwashe ile mashine ya hewa moto, plastiki ilainike."

Mashine ilipoanza kuvuma, fundi aliyelowa petroli alifumba macho na kusali. Kaka mtu alichomeka bapa moja upande huu na nyingine upande wa pili, akainua kidogo huku, kidogo kule. Hakuzungusha hata mara moja, maana ukizungusha kwa nguvu gia za ndani hukatika. Mwenda pole hajikwai. Karakana nzima ilishusha pumzi pamoja naye mkono ulipochomoka, mzima, bila ufa.

Aliuinua kwenye taa. Meno ya ndani yalikuwa yamesagika, na hata kwa macho ya kawaida yalionekana machache kuliko ya mhimili wa sevo.

"Haya," alisema. "Tazameni wenyewe."

Fundi alipiga kelele kwamba ule si mkono alioufunga yeye, kwamba wake ulikuwa mpya, kwamba aapishwe kwa chochote wanachotaka. Hakuna aliyemsikiliza. Kiti kilipigwa teke kikaanguka pamoja naye, na viatu vikaanza kumshukia mbavuni, vya kulia na vya kushoto, hadi kitu kikavunjika ndani na sauti yake ikakatika. Mlangoni, kijiti cha kiberiti kikawaka.

Mjane alikuwa bado mezani. Aliigeuza ile sevo chini ya taa, akachungulia katikati ya mhimili, akapitisha ukucha kwenye kitundu. Kisha alikuja na kusimama kati ya fundi na moto, marinda ya nguo yake yakigusa petroli.

"Shemeji," alisema, "hakuna mrushaji anayeng'oa mkono wa sevo kabla ya kufungua skrubu ya katikati inayoushikilia. Wewe hata udongo hukuukwangua uitafute. Ulijuaje kwamba haimo?"